Lifti ya Saa Kumi

Tbilisi, mtaa wa Gldani, ghorofa ya kumi na moja.
Mwaka wa tisa huu tangu usingizi unihame
bila ugomvi, bila kuaga,
kama mpangaji aliyeacha funguo mlangoni.

Nimekunywa maua ya kuchemsha, maziwa na asali,
vidonge vyeupe, kisha nusu za vidonge vyeupe.
Dada yangu Lamara akaniletea mto wa maganda ya nafaka.
Mto ukalala. Mimi nikaukodolea macho.

Gizo, mume wangu, akigusa shuka tu ameshafika.
Sijui wapi. Nasikia anapasua mbao huko,
na wivu nilionao si wa mwanamke mwingine.

Daktari Khatuna hakunipa dawa, alinipa daftari.
"Usipande kitandani kabla ya saa saba usiku.
Saa kumi na moja na nusu shuka, umelala hujalala.
Macho yakikauka, toka, kakae jikoni.
Na saa iondoe, usiione."
Nikaizika saa katika pipa la unga.
Usiku, nikitulia, nasikia unga ukihesabu.

Saa niliizika, lifti ningeizika wapi?
Lifti yetu hula sarafu. Bila tetri kumi haipandi,
na kamba zake hupita nyuma ya kisogo changu.
Saa saba na robo: kijana wa akina Maguli,
sarafu humponyoka kila siku, na kila siku hulaani.
Saa nane: mtu wa ghorofa ya nne hupanda hadi ya tisa.
Hilo si langu, sijaliandika popote.
Saa kumi kamili: Zauri mwoka mikate
anakohoa mara mbili, anashuka kuwasha tanuri.
Kikohozi hicho ndicho jogoo wangu. Kikilia najua
usiku umekwisha kunila, umebakiza mifupa.

Daftari linasema:
Jumatatu, saa mbili, kwa vipandevipande.
Jumanne, lepe moja.
Jumatano, si hata lepe. Nimepanga vifungo koponi kwa rangi.
Alhamisi nimelia kidogo, kisha nimekula zabibu kavu.

Wiki ya sita, lifti ya saa kumi haikushuka.
Nilifumbua macho, dirisha limeshakuwa jeupe,
na kikohozi sikukisikia.
Nikajua: Zauri amekufa.
Anaishi peke yake, juu yetu. Niligonga. Kimya.
Nikavaa koti la Gizo juu ya gauni la kulalia,
nikateremka ngazi zote, sina sarafu wala subira,
nikitafuta njiani nani wa kupigiwa simu,
kama ana binti, kama ana suti.

Duka lilikuwa wazi.
Zauri ameinama ndani ya tanuri hadi kiunoni,
miguu tu ndiyo iko nje, na miguu inapiga mluzi.
"Umeshuka saa ngapi?" nikapiga kelele.
"Saa kumi, mama. Na leo nimekohoa hadi nikashika ukuta."

Nikasimama na mkate wa moto kifuani
nikihesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea:
saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja.
Alikohoa, na mimi sikuwepo.
Sikuwepo!
Nilicheka hadi foleni ikanipisha mbele.

Jana nimekesha tena, siwezi kudanganya.
Sarafu ilianguka, ikalaaniwa.
Yule wa ghorofa ya nne alipanda, Mungu amsaidie.
Nilitoka nikakaa jikoni gizani
na ncha ya mkate wa juzi,
nikiutafuna polepole, bila kuuomba usiku kitu.
Saa kumi kikohozi kilipopita nyuma ya ukuta,
nami nikakohoa. Mara mbili.

Lifti ikasita kidogo, au nilidhani imesita,
kisha ikaendelea kushuka.